Unafuu wa Gulioni na Jicho la Kuona

(Haya ni maneno aliyosema mwalimu mmoja, ambaye ni katibu mwenezi wa tawi, mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama waliokutana upande wa Tengeru, chini ya Mlima Meru. Tumeyachapa kama yalivyosemwa.)

 

Nimeombwa niseme juu ya uchumi wa nyumbani. Nadhani Mwenyekiti alipotoa ombi hilo alitazamia nije na hesabu ya kahawa na mbolea. Hesabu hiyo wako wanaoijua kuliko mimi. Mimi ni mwalimu, na kazi ya Chama nimeitumikia miaka michache tu, kwa hiyo nitasema mambo niliyoyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nitasema juu ya sanaa, na juu ya kununua vitu kwa bei nafuu katika magulio yetu ya mashamba. Mzee wangu mmoja aliposikia habari hii leo asubuhi akaniuliza, "Mwalimu, sanaa inaingiaje katika bei ya nyanya?" Ni swali zuri. Yuko hapa mstari wa mbele, na nikimkwepa anikatize, ruhusa anayo.

Kwanza gulio lenyewe. Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tumejaliwa magulio. Jumatano na Jumamosi ni Tengeru, Alhamisi na Jumapili ni Ngaramtoni, na Kisongo kuna mnada wa ng'ombe. Mtu wa mjini Arusha akitaka kuishi vizuri kwa mshahara mdogo, apande daladala siku ya gulio, afuate barabara ya Moshi au barabara ya Nairobi, akanunue mahitaji ya juma zima. Atapata mkungu wa mshare, viazi, maharage kwa sado, maparachichi kwa fungu, mkeka, chungu, katambuga za matairi, sufuria, na nguo kutoka katika belo lililofunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Wafanyakazi wengi wa mjini hufanya hivyo, na wana akili. Nami tangu nilipoanza kupokea mshahara wa ualimu nimenunua karibu vyombo vyangu vyote gulioni, na mwisho wa mwezi nabaki na kitu.

Lakini hapana budi tuulize, kwa nini vitu ni rahisi pale? Maana wahenga walituonya kwamba rahisi inavunja upishi. Mimi nimeona kwamba urahisi uko wa namna mbili, na watu huuchanganya.

Wa kwanza unatokana na ufupi wa njia. Mama anakata mkungu wake kule Nkoaranga alfajiri, anaubeba kichwani mpaka Tengeru, na saa tatu umekwisha kuuzwa. Hakuna pango la duka, hakuna lori, hakuna ghala, hakuna mtu wa katikati aliyenunua ili amuuzie mwingine. Ukinunua kwake, yeye amepata zaidi ya ambavyo angepata kwa mlanguzi, nawe umelipa pungufu ya ambavyo ungelipa mjini. Wote wawili mmenufaika, na fedha imelala hapa hapa. Kesho inageuka daftari la mtoto wake, na mtoto huyo ndiye ninayemfundisha mimi.

Wa pili unatokana na unyonge wa muuzaji. Mnawajua walanguzi wanaosimama njiani kabla jua halijachomoza, wakawazuia akina mama hata hawajafika gulioni, wakawatia hofu kwamba leo ndizi zimejaa na bei imeanguka. Mnaijua lumbesa, gunia lililoshonwa nundu juu kama ya ng'ombe, naye mkulima analipwa kana kwamba ni gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, viongozi wameipigia kelele mwaka baada ya mwaka, na bado inapita barabarani mchana kweupe. Nundu ile ni jasho la mtu. Viazi vikifika mjini vikauzwa rahisi kwa sababu ya nundu ile, mnunuzi amepunguziwa bei kutoka mfuko wa mkulima, naye mkulima hakuulizwa. Wazee wetu walipambana na mirija ya mkoloni. Mrija huu tunauchomeka wenyewe kwa wenyewe.

Sasa nije kwa mzee wangu na nyanya zake.

Mzee wangu, fungu la nyanya limepangwa na fundi. Tazama siku nyingine: tatu au nne chini, moja juu, wekundu wote umegeuzwa upande wako wewe, na upande wenye doa umegeuzwa kwa mwenye mali. Yule mama hakusomea sanaa mahali popote, lakini anajua rangi, anajua umbo, na anajua jua la saa ile linapiga kutoka wapi. Basi wewe mnunuzi usipokuwa na jicho lililofundishwa, utanunua mpangilio ukadhani umenunua nyanya. (Kicheko.) Ndivyo sanaa inavyoingia katika bei.

Mama yangu mzazi aliishia darasa la nne, na mpaka leo sijaona mtu anayenunua vizuri kama yeye. Chungu hukining'iniza kwa vidole vya mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili, akasikiliza. Kilichoiva motoni hulia. Chenye ufa hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Kikapu hakitazami mdomoni. Hukipindua akatazama kitako, kwa kuwa hapo ndipo msukaji anapoanzia kazi, na ndipo mvivu anapojificha. Kitenge hukiinua juani aone nyuzi zimekaribiana au zimeachana. Watu waliokuwa nyuma yake hukasirika kwa kusubiri. Naye hununua kitu kimoja mahali ambapo wenzake wanarudi kununua mara tatu.

Nilipofika chuo cha ualimu nilidhani nimeyaacha hayo nyumbani. Mkufunzi wetu wa sanaa akatupa kazi iliyotuudhi sana: tuchore kitako cha kikapu, kikapu kile kile, kwa juma zima. Tulinung'unika kwamba tumekuja kujifunza ualimu, siyo kukodolea macho vikapu. Siku ya nne nikaona kitu ambacho sikukiona siku tatu za mwanzo: mahali pamoja msukaji alikuwa amekosea hesabu ya kamba zake, na katika mzunguko uliofuata akaongeza kamba moja ili kusahihisha, kwa ustadi mkubwa, hata ungepita mbele ya kikapu kile miaka kumi usione. Siku hiyo nilielewa kwamba mkono unapochora, jicho linalazimishwa kuwa kweli. Nikaelewa pia kwamba mkufunzi na mama yangu walikuwa wakifundisha somo moja.

Hii ndiyo faida ya kwanza ya sanaa kwa mtu wa kawaida, na mimi naiweka mbele hata ya furaha. Mtoto aliyefundishwa kutazama hapumbazwi na kitu kinachong'aa. Ataliona beseni la plastiki jembamba litakalopasuka kabla ya masika. Ataiona kura ya mtu anayemsifu bure. Ataona kwamba mizani imeinama.

Tena sanaa ya gulioni imenisaidia katika kazi yenyewe. Tulifundishwa chuoni kutengeneza zana za kufundishia kutokana na vitu vinavyopatikana karibu, na hilo ni jambo la zamani katika nchi yetu. Tangu Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, walimu wametakiwa wasikae kusubiri sanduku litoke mbali. Darasa langu lina watoto wengi kuliko vitabu. Nikaenda gulioni nikanunua kanga kuukuu tatu kwa bei ambayo isingetosha kununua nusu ya kitabu kimoja. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Nikazitundika ukutani. Watoto wakasoma jina, kisha wakabishana juu ya maana yake, na ubishi wa watoto juu ya maana ya maneno ni somo ambalo mwalimu hawezi kulilazimisha. Juma la pili tukahesabu korosho za kwenye pindo: ngapi upande mrefu, ngapi upande mfupi, zinarudia baada ya ngapi. Hesabu za mara na za kugawanya zikaingia humo. Juma la tatu wakachora pindo zao wenyewe. Mtoto mmoja ambaye hakuwahi kunyosha mkono darasani alichora maua ya kahawa mistari miwili, na chini yake akaandika jina la kanga alilolitunga mwenyewe. Sitalisema hapa kwa sababu lilimhusu mwalimu. (Kicheko.)

Ndugu zangu, wako wanaosema kwamba sanaa ni kitu cha watalii. Arusha ni mji wa kusema hivyo, kwa sababu magari ya watalii yanapita kila siku penye Mnara wa Saa, na barabara ya Dodoma kuna nyumba kubwa za vinyago na picha ambazo wengi wetu hatujawahi kuingia, tukidhani mlangoni kuna tiketi. Mtu akishaona kwamba kinyago kinanunuliwa na mgeni tu, anaamua kwamba kinyago si mali yake. Haya ni mawazo ya kutawaliwa, na yamedumu kuliko bendera yao.

Nitawakumbusha safari mbili za kwenda New York. Ya kwanza mnaijua kuliko mimi. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kule Ngare Nanyuki na Leguruki ili ardhi wapewe walowezi. Wananchi wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema habari za ardhi ya mlima huu. Safari ya pili ilikuwa ya picha. Jirani yetu wa mlima wa pili, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza, alichora mwaka 1956 picha ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York liliinunua picha hiyo likaiweka. Pombe ya ndizi, mama zangu! Jambo ambalo ninyi hulifanya kila harusi, mkaona ni kazi ya kuchosha shingo tu, Ntiro aliliona kwamba linastahili kutazamwa na dunia. Hakuchora majumba ya London, ingawa aliyaona.

Na asiseme mtu kwamba sanaa inahitaji mali nyingi. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa kusini, wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli na nyumba. Alivinunua vitu hivyo kwa bei ndogo na kuuza picha zake kwa bei ndogo, nje ya duka, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze. Lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya picha, na hapa Arusha mnaziona zimetundikwa kila ukuta wa duka la watalii. Kopo la rangi kama lile, likiisha rangi, ndilo sado tunalopimia maharage Tengeru. Mimi kila nikipimiwa sado namkumbuka Tingatinga. Labda ni wazimu wa walimu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, maana hayo mengine ningeweza kuyaacha.

Mwaka huu, siku moja ya Alhamisi, nilikuwa Ngaramtoni. Kando kabisa ya gulio, baada ya beseni za plastiki, alikaa koko mmoja wa Kiarusha na vibuyu sita vya maziwa. Vibuyu vile vilivaa ngozi na shanga, na shanga zilipangwa kwa namna ambayo ukitembeza jicho kutoka mdomo mpaka kitako hukwami popote. Nilimwamkia nikachuchumaa. Nikamwuliza kimoja kinachukua siku ngapi.

Akasema, "Kukausha kibuyu ni kazi ya Mungu na jua, hiyo siihesabu. Kukisafisha na kukivalisha ni siku nne, na macho yangu haya labda tano."

Nikamwuliza bei. Akataja. Nilipokuwa bado nafungua pochi akaja kijana mwenye nguo nadhifu, mtu wa mjini, akashika kibuyu akakitikisa, akasema, "Bibi, kwa hela hiyo napata ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko." Akataja nusu ya bei. Koko hakujibu. Kijana akaongeza kidogo, akangoja, akaondoka.

Nikamwuliza koko kama anamfundisha mjukuu wake kazi hiyo. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Nimfundishe ili akae hapa aambiwe habari za ndoo?"

Ndugu wanachama, kijana yule hakutenda jambo la ajabu. Alifanya tunalofanya sote, nasi husifiana kwalo nyumbani: "Aliniambia elfu kumi nikampata kwa nne!" Tunajivunia. Lakini angalieni jambo hili. Tukiingia duka la mjini lenye bei iliyobandikwa kwenye karatasi, tunalipa kimya, hata mia hatuombi. Ushujaa wetu wa kupatana bei tunauhifadhi kwa ajili ya kikongwe aliyekaa chini kwenye vumbi. Mwenye duka ana ukuta nyuma yake. Koko ana jua linalozama na nauli ya kurudi. Tunapunguziwa bei na jua lile.

Husemwa kwamba kizuri chajiuza. Mimi nasema siku hizi chauzwa na dalali. Tuseme, kwa mfano tu, mkufu wa shanga umenunuliwa kwa mama wa kijijini kwa shilingi 5,000. Mtu wa katikati anaupeleka mjini, mwenye duka anauweka chini ya taa, mgeni anaununua kwa 30,000 na kuona ni rahisi. Mkufu ni ule ule. Aliyekaa siku mbili akiutunga amepata sehemu moja katika sita, na katika hiyo ametoa bei ya shanga na uzi. Na shanga zenyewe huja kutoka mbali. Tangu enzi za misafara shanga za kioo zimetoka Venisi na Bohemia. Mwaka 1969 Mwalimu alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare aliiita Mabepari wa Venisi, na mimi nikiuona mkufu wa Kiarusha huwakumbuka mabepari hao, maana kioo chao kilibadilishwa na pembe za ndovu. Hata hivyo mikono ya mama zetu ilikichukua kioo kile ikafanya kitu ambacho Venisi hawakukijua.

Najua mtaniuliza juu ya mitumba, kwa kuwa ukisema unafuu wa gulioni ndiyo kwanza inayokuja kichwani. Sitawadharau wanaovaa mitumba. Blauzi hii mnayoiona ilitoka Tengeru, na sketi vile vile. Wazee wanakumbuka foleni za sabuni na nguo za miaka ya mwanzo ya 1980, na jinsi milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984 watu walivyopata tena cha kuvaa. Mtu aliyekosa shati hahubiriwi. Lakini urahisi wa mitumba si wa njia fupi wala si wa unyonge wa muuzaji. Ni wa kitu kilichokwisha lipiwa na mtu mwingine akakitupa. Hakuna mfumaji duniani anayeweza kushindana na bei ya kitu kilichotupwa. Huku nyuma, sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa nje kabla haijafumwa.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Arusha, wakakubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatishia kutunyima soko lisilo na ushuru. Kenya, Uganda na sisi tukarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo ya soko la Marekani. Sisemi hayo ili kumlaumu mtu, maana tishio la soko si mchezo kwa nchi maskini. Nasema ili mjue kwamba shati la bei ya kutupa lina nguvu nyuma yake, hata likiwa limetandazwa kwenye turubai Tengeru.

Anayenipa moyo katika habari hii ni fundi cherehani anayekaa chini ya mti pembeni mwa mitumba. Unamletea koti la mzungu mnene, analifumua, analilaza, analitazama kimya kwa muda, kisha anakata na kutoa sare za watoto wawili na mfuko wa daftari. Kutazama kule kimya ndiko ninakosema tangu mwanzo. Kitu ni cha kutupwa, lakini jicho ni lake, na malipo ya kazi yanabaki chini ya mti ule.

Basi ninaomba nini kwa tawi hili? Sitaki tutoke na azimio refu. Kwanza jambo la kupatana bei. Kupatana ni mila yetu na kuna utani na udugu ndani yake, siombi tuache. Ninaomba tutofautishe. Ukisimama mbele ya mchuuzi aliyenunua jana ili auze leo, patana naye mpaka mchoke. Ukisimama mbele ya mtu aliyekitengeneza kitu kwa mikono yake, mwulize kwanza amekaa nacho siku ngapi, kisha ndipo utaje bei yako, kama bado utakuwa na uso wa kuitaja.

Pili, tawi lenyewe ni mnunuzi. Kila mgeni akija tunakwenda mjini kumtafutia zawadi, tunanunua saa ya ukutani iliyotoka ng'ambo, nayo inasimama kabla mgeni hajarudi tena. Mikeka ya ofisi, viti, zawadi za wageni, vitambaa vya meza: vyote viko ndani ya maili chache kutoka hapa. Nimeongea na mweka hazina naye hakukataa. Amesema nilete bei. Nitaleta, pamoja na idadi ya siku.

Halafu wale mafundi wanaokaa kila mtu peke yake kando ya gulio, mmoja kwenye plastiki, mwingine kwenye njia ya mikokoteni, wakae pamoja. Wakiwa pamoja mnunuzi wa mjini atajua pa kuwapata, mwenye duka la watalii atakuja mwenyewe badala ya kumtuma mlanguzi, na mmoja akitajiwa nusu ya bei wenzake watacheka. Kicheko cha wenzako ni ulinzi mkubwa. Wachoraji wa Tingatinga walianza kwa udugu tu, ushirika wa kuandikishwa ukaja baadaye. Nasi tusianze kwa kutafuta mhuri.

Kuna kijana amenyosha mkono tangu zamani; nitamsikia sasa hivi. Kwanza nimalize la Jumamosi. Tutakuwa Tengeru saa mbili asubuhi, upande wa barabara ya lami. Tumepata turubai moja na meza mbili, na fundi wa viti amesema ataleta vigoda vyake. Wasusi wa vikapu wawili wamekubali, wa tatu anamwuguza mtoto. Yule koko wa Ngaramtoni amekubali kuja na vibuyu vyake vitano, na amesema atakuja na mjukuu wa kumsaidia kubeba, kubeba tu, alilisisitiza hilo. Anahitaji mtu wa kumpokea penye kituo cha daladala kwa sababu macho hayaoni vizuri asubuhi. Nani ana pikipiki na hatachelewa?